Friji ni Friji Tu

Mdogo wangu yuko sebuleni kwangu sasa hivi, amekaa sakafuni, anaifungua pasi yangu. Pasi haijaharibika. Nilimwambia asubuhi kwamba haijaharibika, nikamwambia tena mchana, naye akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Najua, dada. Nataka kuona inavyofanya kazi hadi isiharibike." Nguo zangu za kazi zimekunjamana, skrubu zimetapakaa kila mahali, na Mama, aliyekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ananiambia nimwache mtoto. Mtoto! Mtoto ana ndevu na kipara vyote kwa pamoja.

Hana kazi. Alikuwa nayo, tena nzuri, na nitawaeleza alivyoipoteza, maana majirani wananiuliza mimi. Ukimwuliza yeye mwenyewe anaanzia mbali mno, na watu huaga kabla hajafika.

Nyumbani tunamwita Nukta. Jina hilo alipewa na Mama, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuacha jambo lipite likiwa na kasoro hata ya nukta. Ukimtuma akaangalie kama maji yanatoka bombani, anarudi na kusema yanatoka. Umeyakinga? "Hukusema niyakinge." Siku moja mwalimu wake aliniita shuleni, mimi dada mtu, kwa kuwa Baba alikwishafariki na Mama alikuwa kazini. Kijana alikuwa amekataa kujibu swali la mtihani kwa madai kwamba swali lenyewe lina makosa, halafu akaandika chini yake jinsi lilivyopaswa kuulizwa. Akapewa sifuri. Alirudi nyumbani anachekelea, mimi ndiye niliyelia.

Na jambo moja lazima mlijue kuhusu Nukta: neno "samahani" halimtoki. Sijui limekwama wapi. Akikosea na wewe ukamwonyesha, atatazama chini, ataondoka, atarudi baadaye na kusema, "Nimerekebisha." Basi, imetoka hiyo. Alivunja kikombe cha Mama cha harusi, akakiunganisha kwa gundi kipande kwa kipande, akakiweka mezani. "Nimerekebisha." Mama akambusu. Mimi ningevunja kikombe hicho, hadi leo ningekuwa nasemwa.

Alipokua akawa mwandishi wa programu za kompyuta, kazi ambayo ukikosea nukta kweli mambo yanaharibika, kwa hiyo alifika kwao. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Chumba kimoja kikubwa, feni mbovu, nyaya kila upande, na bosi mwenye sauti tamu ambaye kila anayeingia anamwita rafiki yangu.

Mimi ni muuguzi. Kwenye zahanati yetu ndiye ninayesimamia chumba cha chanjo, na wenzangu wote wananiita Sista. Kazi yangu ukiipunguza yote inabaki friji. Chanjo inataka ubaridi wake, usizidi wala usipungue. Ikipata joto imekufa, na kwa macho huwezi kuijua iliyokufa na iliyo hai. Ukimchoma mtoto hiyo iliyokufa, mama yake anarudi nyumbani akiamini mtoto amekingwa, kumbe wapi. Ndiyo maana friji ile naiota hata nikisinzia.

Zahanati ilipotaka programu ya kulinda mafriji, nani aliyesema "mdogo wangu anaweza"? Mimi, kwa mdomo wangu huuhuu. Nukta akaja, akaweka kipimajoto ndani ya kila friji, kila kimoja kikawa kinapeleka habari kwenye kompyuta. Tulikubaliana hivi: friji ya kawaida, kama ile ya jikoni na ile ya vinywaji pale mapokezi, ikipata joto, programu iandike tu kwenye skrini, mtu ataona akija kazini. Lakini friji ya chanjo ikipata joto, simu ipigwe hapohapo. Simu yenyewe ni ya chumba cha chanjo, na siku za mapumziko naenda nayo nyumbani. Siku ya kuifunga tulijaribu, simu ikalia, tukapiga makofi. Daktari Mkuu akampa Nukta mkono.

Jumapili moja fundi rangi aliyekuwa anapaka ukuta akachomoa waya wa friji ya chanjo ili achomeke redio yake. Jamani, redio! Akapaka rangi, akasikiliza muziki wake, akaondoka na redio yake, waya wa friji akauacha unaning'inia. Mimi nilikuwa nyumbani na simu. Nilikuwa nayo mezani, nilikuwa nayo jikoni, nilikuwa nayo hadi chooni. Haikulia.

Jumatatu nikafungua chumba. Nje mabenchi yamejaa akina mama na watoto wao, wengine wametoka mbali. Nikafungua friji, hewa ikanipiga usoni vuguvugu. Chanjo zote zikatupwa, na mimi ndiye niliyetoka nje kuwaambia akina mama warudi makwao, na mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nina mtoto. Bora angenitukana.

Daktari Mkuu si mtu mbaya, ila anapenda sana skrini. Akanigeuzia kompyuta yake. Pale palikuwa pameandikwa saa ambayo friji ya chanjo ilipata joto, na mbele yake maneno mawili: Taarifa imetolewa.

"Sista," akasema, "programu imetoa taarifa. Simu ulikuwa nayo wewe."

"Haikulia, daktari."

"Imeandikwa imetolewa."

"Na mimi nakuambia haikulia!"

Akaichukua simu na funguo za chumba, akavifungia kwenye droo yake. Nikasimamishwa kazi. Ijumaa kutakuwa na kikao, akasema, na wakiona nilisikia nikapuuza, nafukuzwa, na leseni yangu ya uuguzi itapelekwa mbele kwa hatua zaidi. Miaka yote hiyo ya kusimama kwa miguu iliyovimba, iishie kwa sababu ya redio ya fundi rangi.

Nikampigia Nukta simu nikiwa barabarani. Nikamweleza yote. Unajua alichonijibu? "Programu imejaribiwa, dada. Haina kosa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema imejaribiwa."

Ebo! Damu ikanichemka. Sikwenda nyumbani. Nikageuza njia moja kwa moja hadi kwenye duka la magodoro, nikapanda ngazi, nikaingia bila hodi, nikavuta kiti na kuketi ubavuni pake. Nikamwambia nionyeshe.

Akanionyesha. Akabonyeza kitu, kwenye skrini friji ya chanjo ikapata joto, simu iliyokuwa mezani kwake ikalia. Pakatokea alama ya kijani. Akabonyeza tena, ikalia tena, kijani tena. "Umeona?" Nikamwambia sijaona kitu. Akabonyeza mara nyingine, na kila kijani kikitokea ananitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitamani kumpiga kofi la utotoni.

"Hiyo friji unayojaribu iko wapi?" nikamwuliza.

"Haipo popote. Ni ya mfano."

"Mimi sifanyi kazi kwenye zahanati ya mfano. Iweke zahanati yangu humo, mafriji yote yalivyo, halafu uniambie mimi ni mwongo."

"Itakuwa kitu kilekile, dada."

"Iweke!"

Akaiweka shingo upande, ili ninyamaze tu. Akabonyeza. Friji ya chanjo ikapata joto. Simu kimya. Kwenye skrini yakatokea maneno yaleyale mawili: Taarifa imetolewa. Akabonyeza tena. Kimya. Akaitazama simu, akaitazama skrini, akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kompaila," akasema taratibu.

"Ndiye nani huyo? Yuko wapi nimwone?"

Kumbe si mtu. Kompaila, alinieleza, ni programu inayosoma alichoandika yeye kabla kazi haijaanza, ikakigeuza kuwa lugha ya mashine. Na ndiyo iliyoharibu. Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili cha watu, na asianzie mbali. Bila shaka akaanzia mbali.

"Niliandika mbinu mbili," akasema. "Mbinu ni maelekezo ya kufanya kazi fulani. Zote mbili nimezipa jina moja, Toa Taarifa. Ya kwanza inapokea friji yoyote, inaandika kwenye skrini. Ya pili inapokea friji ya chanjo peke yake, inapiga simu."

"Kwa nini uzipe jina moja?"

"Inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa! Si ungeiita moja Andika na nyingine Piga Simu?"

Akafikiri. "Ningeweza," akasema. Nikaishika meza kwa mikono miwili nisije nikamtupia kiti.

Akaendelea. Ukizipa jina moja, kompaila ndiyo inayochagua ipi iitwe. Inatazama aina ya kitu unachoipa, na kama mbinu zote mbili zinakifaa, inachukua ile inayokifaa kwa karibu zaidi. Kwenye majaribio yake, hata lile la siku ya kuifunga, aliandika waziwazi, hii ni friji ya chanjo. Kompaila ikaona, ikachagua ya simu. Lakini kwenye programu ya zahanati mafriji yote ameyapanga safu moja, na safu hiyo ameiandika kwamba ni ya friji, basi, friji tu, kwa kuwa ya jikoni ni friji na ya chanjo nayo ni friji. Kompaila haikungoja kuona ni friji gani itakayotokea. Ilisoma neno lililoandikwa juu ya safu, ikachagua ya skrini kwa yote.

"Chukulia mlinzi wa getini," akasema, kwa sababu uso wangu ulikuwa hauna dalili ya kuelewa. "Jana umempa orodha imeandikwa wagonjwa, akapanga wote waende foleni ya kawaida. Leo anakuja mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ni mgonjwa wa dharura, kila mtu anamwona. Lakini njia ilikwishapangwa jana, kwa neno lililokuwa kwenye orodha."

"Kwa hiyo mashine ilijua ni friji ya chanjo, ikanyamaza?"

"Haikujua. Iliamua kabla ya kujua."

Nilikuwa nimechoka ghafla. Nimenyang'anywa funguo, nimeitwa mzembe mbele ya wasaidizi wangu, kisa kuna kitu mahali fulani kwenye waya ambacho kwake friji ni friji tu. Na huyu aliyekiandika ni yuleyule aliyekataa kujibu swali la mtihani kwa sababu lilikosewa.

Bosi wake alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Akafunga mlango. "Rafiki yangu," akamwambia Nukta, "rekebisha, lakini kimyakimya. Asubuhi ya Ijumaa nenda kaiweke iliyo sahihi. Kwenye kikao nitasema ni mtandao wa simu ulisumbua."

"Na mimi?" nikauliza.

"Sista, tutakuombea. Watakupa onyo tu."

"Onyo la nini, ikiwa sikukosa?"

Akanitabasamia, halafu akamgeukia Nukta na ile sauti yake tamu. Zahanati nyingine zinatumia programu hiihii, akasema, na habari ikitoka kwamba ina kasoro, wote hapa tunakula nini? "Ukifungua mdomo Ijumaa, usijisumbue kurudi hapa." Nukta alikuwa ameinamia kompyuta, tayari anaandika. Hakunitazama hata nilipoaga.

Siku zilizofuata hakuja nyumbani wala hakushika simu yangu. Nilizunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikapika vyakula ambavyo hakuna aliyevila. Mama akasema mwanangu atakuja, mwanangu ana roho nzuri. Nikamwambia mwanao mwenye roho nzuri ndiye atakayenimaliza. "Na wewe je, si mwanangu?" akasema Mama. Nikaenda kulilia jikoni, ambako hakuna mtu wa kunibembeleza, ndivyo nilivyotaka.

Ijumaa tukaketi kwenye chumba cha mikutano: Daktari Mkuu, wajumbe wawili wa kamati ya zahanati, bosi wa Nukta na suti yake, na mimi upande wangu peke yangu. Simu ya chumba cha chanjo ilikuwa katikati ya meza kama ushahidi wa mauaji. Nukta alikuwa ameonekana asubuhi akifunguliwa chumba cha chanjo na kuweka programu yake mpya kwenye kompyuta ya zahanati, halafu hakuonekana. Aliingia tumekwishaanza, kamba ya kiatu imefunguka, akapenya hadi kiti kilichokuwa tupu kando yangu.

Bosi akasema maneno yake ya mtandao. Daktari Mkuu akamkatiza: siku ile simu zote za wafanyakazi zilikuwa na mtandao, amekwishauliza. Akanigeukia mimi. Nikasema nilichokuwa nacho, kwamba haikulia. Nilipotaka kueleza kuhusu kompaila, nikasikia mwenyewe jinsi ninavyoboronga, mlinzi, orodha, foleni, mama mwenye uchungu. Mjumbe mmoja akaguna.

Hapo Nukta akasimama. "Programu yangu ina kosa," akasema. Bosi wake akakohoa kwa nguvu. Nikasema sasa, Mungu mkubwa, sasa aseme kwa kifupi aketi.

"Kwanza," akasema Nukta, "nieleze kompaila ni nini."

Lo! Akaanza. Akaeleza kompaila. Akaeleza mbinu mbili zenye jina moja. Akaeleza mlinzi na orodha, vizuri kuliko mimi, wajumbe wakatikisa vichwa kuonyesha wameelewa, na palepale angeweza kukomesha. Wapi! Akaenda kwenye mambo ambayo hayakutokea. Kwamba zingekuwepo mbinu mbili zinazofaa sawasawa, hakuna iliyo karibu zaidi ya mwenzake, kompaila ingegoma na kulalamika, na yeye angeliona kosa siku ileile. "Afadhali ingegoma," akasema kwa masikitiko, kama anayemzungumzia ndugu. "Iliponyamaza ndipo ilipotuponza."

"Kijana," akasema Daktari Mkuu, "simu ililia au haikulia?"

"Haikulia. Sista hana kosa. Nafika huko."

"Si umeshafika!"

Lakini hapana, akaendelea. Akaeleza alivyorekebisha: ameiondolea kompaila uamuzi huo kabisa, sasa kila friji inabeba maelekezo yake yenyewe, na uamuzi unafanyika programu ikiwa kazini, wakati friji halisi imekwishafahamika. Akayasema hayo, akayarudia kwa maneno mengine. Nikashika tama. Nilimkonyeza aketi, nikamkanyaga mguu chini ya meza, akauvuta mguu akaendelea. Mjumbe wa pili alikuwa anachora maua kwenye karatasi. Nilijiambia huyu mtoto ameniokoa kwa sentensi moja, na sasa anaizamisha sentensi hiyo kwa nyingine mia.

"Yote haya ni maneno," Daktari Mkuu akasema mwishowe, akavua miwani. "Unamtetea dada yako, ni haki yako. Mimi niliiona simu hii ikilia siku mlipoifunga. Nitajuaje kwamba hapo katikati haikuwa inalia, na kwamba leo ndiyo inalia?"

Nukta akanyamaza. Yeye, anyamaze! Akaitazama simu pale mezani. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye kipara hadi kwenye kola. Sote tukaitazama. Bosi wake akaegemea kiti, akatabasamu kidogo, akaanza kukusanya karatasi zake.

Simu ikalia.

Ililia kwa ule mlio wake mbaya wa kukera, ikatetemeka hadi ikasogea juu ya meza, na Daktari Mkuu akaruka nusura aangushe glasi ya maji. Kwenye kioo chake paliandikwa: FRIJI YA CHANJO. JOTO. Hakuna aliyeigusa. Walikuwa wanaitazama tu, wote, watu wazima na suti zao.

"Nilipopita kuja huku niliuacha mlango wa friji wazi," Nukta akasema. "Haina kitu ndani. Ila ilihitaji muda ipate joto, na mlikuwa mnataka kufunga kikao." Bosi wake akasimama, akatoka bila kuaga mtu. Nukta hakumtazama. Alinigeukia mimi, midomo inacheza, nikaona kuna neno linahangaika kutoka, na macho yake yamejaa maji. Likashindwa. "Nimerekebisha, dada," akasema.

Simu bado inalia. Nikasimama, nikanyoosha mkono mbele ya Daktari Mkuu, nikaichukua, nikaizima mlio, nikaitia kwenye mfuko wa gauni langu. Nikatoka kwenda kufunga mlango wa friji yangu, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi.